MJI WA WATALII USIO NA BAHARI

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, mbele ya walimu, wageni na wanafunzi



Katibu wetu aliponiandikia alinipa mada hii: "Historia na Urithi wa Mji wa Kitalii". Wenzangu kadhaa walipoisikia walidhani nitawapeleka pwani, maana neno utalii likitajwa, mawazo ya watu hukimbilia mchanga mweupe, minazi na majahazi. Na ni haki yao. Ndugu zetu wa pwani wana mengi ya kuonyesha. Malindi ipo nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga pale mwaka 1498. Bagamoyo yapo magofu ya Kaole. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wao wana mawe, na jiwe lina sifa moja njema: husimama hata kama mwenye nyumba amesahau ni nani aliyelijenga.

Sisi wa Arusha hatuna bahari. Hata hivyo watalii wanapita hapa kila siku, na nusu ya waliohitimu katika shule yetu wanakula kwa namna moja au nyingine kutokana na wageni hao. Kwa hiyo nimeona niuzungumzie mji huu wa kitalii tulio nao wenyewe. Nia yangu ni kuonyesha kwamba urithi wetu mwingi hauko katika mawe. Uko katika mifereji ya maji, katika majina ya mahali, katika kesi za ardhi, na katika vinywa vya wazee. Urithi wa namna hiyo hauporomoki kwa kishindo. Hutoweka kimya kimya, na siku ukiuliza, hakuna wa kukujibu.

Mlima na watu wake

Tuanze na mlima. Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na kwa hapa Tanzania unazidiwa na Kilimanjaro peke yake. Ni mlima wa moto uliolala. Mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Ukiutazama kutoka upande wa Momella utaona umekatika ubavu mmoja, kama chungu kilichomeguka. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo wa mashariki uliporomoka, na vilima vidogo vidogo unavyoviona kule Momella ni mabaki ya mporomoko huo. Udongo wa mlima huu ndio uliotulisha. Maji yake ndiyo yaliyotupa pia alama yetu: madini ya floridi yaliyomo ndani yake yametutia wengi wetu rangi ya kahawia kwenye meno, hata ukicheka Dar es Salaam mtu anakuambia, "Bila shaka wewe unatoka Arusha".

Wameru walitangulia kukaa upande wa mashariki ya mlima, na lugha yao ni ndugu wa Kichaga cha Machame. Waarusha walifika baadaye, katika miaka ya 1830 hivi, wakitokea Arusha Chini, kule kusini ya Kilimanjaro. Watu hawa, wakiwa na mila za Kimaasai lakini jembe mkononi, walifungua msitu upande wa kusini-magharibi wakapanda ndizi, mahindi na maharage. Wote wawili walichimba mifereji kutoka kwenye mito, wakawa na utaratibu wa zamu za maji na wazee wa kuusimamia. Misafara ya biashara iliyopanda kutoka Pangani kuelekea nchi ya Wamaasai iliwahitaji sana wakulima hawa kwa chakula. Basi tayari kabla ya Mzungu yeyote kuweka hema lake hapa, chini ya mlima huu palikuwa mahali ambapo mgeni hupumzika, hula, kisha huendelea na safari yake. Tabia hiyo ya mji ni ya zamani kuliko mji wenyewe.

Boma

Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kule Akeri, walipokuwa wamefika tu. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani kule Moshi akaja kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga kule Moshi viongozi 19, Mangi Meli akiwa miongoni mwao, pamoja na viongozi wa Meru na Arusha. Mwaka huo huo Boma la Arusha likakamilika. Waliolijenga ni wanaume wa Kiarusha na Kimeru, kwa kazi ya kulazimishwa.

Ndugu wanafunzi, Boma hilo bado lipo. Tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mkienda mtaona mifupa, wadudu na picha nzuri za wanyama, na ni vizuri mkazione. Lakini mkiwa pale, wekeni mkono ukutani. Kila jiwe lililomo lilibebwa na babu wa mtu, na huenda babu huyo ni wa kijana aliyeketi hapa mbele yangu. Hilo ndilo gofu letu la mawe, na watu wa pwani hawatuzidi kwa hilo.

Baada ya Boma mji ulikua. Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini baada ya vita vyao na Waingereza walifika miaka ya 1904 na 1905 wakapewa mashamba. Wagiriki wakaja kulima, Wahindi na Wasomali wakafungua maduka. Mwezi Machi 1916 Waingereza waliuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli ikafika kutoka Moshi, na hivyo Arusha ikaunganishwa na bandari ya Tanga. Kahawa ikashuka, wageni wakapanda.

Yako pia mambo ambayo wengi wetu hatukuyasoma darasani. Kuanzia mwaka 1942 hapo Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamefukuzwa makwao na Warusi, wakapelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, hata wakafika chini ya Meru. Walijenga shule na kanisa, wakalima, na waliokufa walizikwa papo hapo. Makaburi yao yanatunzwa hadi leo. Nawataja kwa sababu moja: kutoka Poland, nchi ya mbali hivyo, watu hufunga safari kuja kusafisha kaburi la bibi yao Tengeru. Sisi tunaokaa umbali wa mwendo wa basi dogo, je, tunajua wetu wamelala wapi?

Kesi ya Ardhi ya Meru

Sasa nafika mahali ambapo naomba vijana mnisikilize kwa makini.

Mtalii akitoka lango la Momella akielekea kaskazini, anaingia Ngare Nanyuki. Jina hilo ni la Kimaasai, maana yake ni maji mekundu. Mwongoza watalii atamwonyesha twiga na mlima, gari litapita. Lakini barabara hiyo inapita katikati ya moja ya kurasa kubwa za historia ya nchi yetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza mgawanyo wa ardhi ya Arusha na Moshi, na mapendekezo yake yakatolewa mwaka 1946. Kutokana na hayo serikali ya kikoloni ikaamua kwamba ardhi ya Ngare Nanyuki iwe ya walowezi wa Kizungu wa kufuga, na Wameru waliokuwa wakiishi pale wahamishiwe kwingine. Wameru wakakataa. Mwezi Novemba 1951 askari wakafika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, mifugo ikaswagwa.

Wameru hawakushika mikuki safari hii. Walichanga fedha, senti kwa senti, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, hadi Umoja wa Mataifa, New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini na baadaye mbele ya Kamati ya Mkutano Mkuu, akaeleza madhila ya watu wake. Katika Mkutano Mkuu, azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura zilizotakiwa. Kwa hesabu za karatasi walishindwa. Lakini habari ilienea Tanganyika nzima kwamba mwananchi wa kawaida wa kijijini ameishtaki serikali ya mkoloni mbele ya ulimwengu na akarudi nyumbani salama. TANU ilizaliwa mwaka 1954, miaka miwili tu baadaye, ikakuta watu wamekwisha jua kwamba jambo hilo linawezekana.

Mimi husema kwamba risiti ya mchango wa mzee mmoja wa Meru wa mwaka 1952, kama bado ipo katika sanduku la bati mahali fulani, ina thamani kuliko kisahani chochote cha kale katika makumbusho ya pwani. Swali ni kwamba sanduku hilo liko kwa nani, na mjukuu wake anajua kilichomo au atakitumia kuwashia moto?

Kaloleni na Mnara wa Saa

Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika jumba la kijamii la hapa mjini, pale Kaloleni. Mwalimu Nyerere akalitangaza Azimio la Arusha tarehe 5 Februari. Siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Azimio hilo liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Sikusimama hapa kuwaambia ni lipi lililokuwa bora. Hilo mtalijadili katika midahalo yenu. Ninalosema ni kwamba jumba lile dogo ni makumbusho leo, na kwamba jina la mji wetu limesomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima kwa sababu ya siku nne za kikao. Kijana wa Arusha anayeweza kutaja wachezaji wote wa timu ya Uingereza, na asiweze kueleza kilichoamuliwa mtaa wa pili kutoka nyumbani kwao, amedhulumiwa. Waliomdhulumu ni sisi tuliomtangulia.

Kinyume chake, jambo ambalo kila mtu analijua ni lile la Mnara wa Saa. Mgeni akifika tu huambiwa kwamba pale ndipo katikati ya Cape Town na Cairo. Nawaomba vijana wa jiografia wachukue atlasi. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini. Nusu ya njia ni nyuzi 2 hivi kusini, na Arusha iko nyuzi 3 na kidogo. Hapo hatuko mbali. Lakini ukipiga mstari ulionyooka kati ya miji hiyo, katikati yake itaangukia ndani ya Kongo. Habari ile ya Mnara ilikuwa ndoto ya watu waliotaka kuwa na barabara moja ya dola lao kutoka ncha hata ncha. Hakuna ubaya kuisimulia, ikisimuliwa kama ndoto yao. Ubaya ni kwamba tumeikariri ndoto ya wengine, na habari zetu za kweli, za Akeri, za Boma na za Ngare Nanyuki, hatuzijui.

Utalii ulivyotufikia

Hifadhi ya Ngurdoto iliundwa mwaka 1960, na mwaka 1967, Mlima Meru ulipoongezwa, ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa hapa mjini tamko mashuhuri la kuahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyamapori wake. Mwaka 1962 ikatoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, aliyoicheza John Wayne, iliyopigwa katika sehemu hizi, na Momella ikajulikana katika majumba ya sinema ya ulimwengu. Mwaka 1971 ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro.

Lakini wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba wakati ule watalii wengi walitokea Nairobi, na fedha nyingi zilibaki huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa, ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Namanga ulifungwa hadi mwaka 1983. Hoteli zikakaa tupu. Majengo ya Jumuiya yakageuzwa kuwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano. Lililokuwa msiba likawa mlango wa riziki nyingine. Mwezi Agosti 1993 Warwanda walitia saini hapa mapatano ya amani, ambayo kwa bahati mbaya hayakuzuia mauaji ya mwaka uliofuata. Kisha Umoja wa Mataifa ukaleta hapa Mahakama ya Rwanda, ambayo hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015 ilikuwa imewashtaki watu 93. Hukumu ya Akayesu, iliyotolewa hapa tarehe 2 Septemba 1998, ilikuwa ya kwanza duniani kutolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwezi Agosti 2000 Warundi nao walitia saini mkataba wao hapa, msuluhishi akiwa Mzee Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya kifo cha Mwalimu. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini hapa hapa tarehe 30 Novemba 1999.

Sisi wa rika langu tulikuwa wanafunzi katika miaka hiyo. Tulipanda vifodi kwenda mjini, tukayaona magari meupe ya Umoja wa Mataifa, tukajua kwamba kodi za nyumba zimepanda. Kilichokuwa kinasemwa ndani ya yale majengo hatukukijua. Kumbukumbu za mahakama ile zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji. Watafiti wanatoka ng'ambo kuja kuzisoma. Ningefurahi siku moja kumwona kati yao mtu aliyevaa tai ya shule hii.

Tufanye nini?

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni ya mezani. Meza yangu hupitiwa na ramani za viwanja. Nimeona ramani ambamo mfereji uliochimbwa na wazee karne iliyopita hauonekani kabisa. Mstari wa kiwanja umepita juu yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Mvua ikinyesha maji huikumbuka njia yake, yakaingia sebuleni kwa mtu. Watu wakalalamika kwamba mvua za siku hizi ni mbaya. Maji hayana kosa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeulizwa kabla kalamu haijashuka.

Wapo watakaosema kwamba historia haileti shibe, na kwamba mtalii haji hapa kusikia habari za watu kunyongwa na kuchomewa nyumba, anataka simba. Hoja hiyo ina uzito, maana vijana wengi wa hapa wanalisha wazazi kwa kazi ya kuongoza watalii. Nawajibu hivi. Simba hakai mjini. Mgeni anayetaka simba atalala Arusha usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Atakayebaki siku ya pili ni yule aliyeelezwa kwamba hapa pana jambo la kujua. Na hata kama asingebaki hata mmoja, bado hayo ni mambo yetu. Urithi ukiwekwa kwa ajili ya mgeni peke yake, mwenyeji huanza kusema yale tu yanayompendeza mgeni, na mwishowe hayajui mengine.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu, likizo ya Desemba, apewe daftari moja na Chama chetu. Amtafute mzee mmoja wa kwao, ampigie magoti kama ada inavyotaka, amwulize na kuandika. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku nyumba za Ngare Nanyuki zilipochomwa sasa amekwisha pita miaka 80. Hatuna muda wa kuunda tume.

Pili, madaftari hayo yahifadhiwe katika maktaba ya shule, yakiwa na jina la mzee, kijiji na tarehe. Wenzetu wenye ujuzi wa kompyuta wayapige picha ili hata yakiliwa na mchwa yasipotee.

Tatu, wanafunzi wachore ramani ya mifereji na majina ya mahali, pamoja na maana zake. Ngarenaro ni maji meusi kwa Kimaasai. Unga Limited ni jina la kiwanda. Kila jina ni barua iliyoandikwa na waliotutangulia, nasi tunaipita kila siku bila kuifungua. Ramani hiyo ikiwa tayari, leteni nakala kwenye ofisi za mipango. Nawaahidi kwamba itakuwepo meza moja, angalau, itakayoisoma.

Kwa upande wangu natoa madaftari ya kidato kizima kwa mwaka huu wa kwanza, na namwomba Mweka Hazina ayapokee leo hii kabla ya chakula, maana ahadi ikishashiba husinzia.

Mwenyekiti, watu wa pwani wana msemo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sisi wa mlimani tumeuazima na tumeutumia sana kwenye khanga. Sasa tuutumie kwenye madaftari.